Mstari wa Hajati Sauda

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumapili moja mchana pale Namakwekwe, mjini Mbale, kwenye kiwanja kilicho kando ya kinu cha posho, cha kusagia mahindi. Watu walikuwa wamekusanyika kumchagua mwenyekiti wa baraza la mtaa. Wagombea wawili walisimama wakiutazama mlima Wanale, na sisi wengine tukaambiwa tujipange nyuma ya yule tunayemtaka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kutoka kwenye kivuli cha kinu hadi nilipokwenda kusimama hazikuwa hatua zaidi ya thelathini, lakini nimezirudia kichwani mara nyingi kuliko safari zote nilizowahi kufunga.

Nitakufikisha hapo kiwanjani. Kwanza nikueleze nilifikaje Mbale, maana sikuzaliwa huko.

Nilikulia Jinja, katika nyumba za askari magereza. Baba yangu alikuwa askari wa gereza, Msamia wa upande wa Busia, na majirani zetu walikuwa Wateso, Waacholi, Walugbara na wengine wengi, kwa hiyo sisi watoto tulizungumza Kiswahili kabla ya kujua lugha za mama zetu. Vita na misukosuko vilikula miaka yangu ya shule. Nilipofika kidato cha sita nilikuwa tayari ninanyoa ndevu. Huo haukuwa ubaya wangu. Ubaya wangu ni kwamba, nilipopata nafasi ya kukaa darasani kwa amani, sikukaa. Miaka ile ya mwanzo wa tisini nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za katiba mpya. Palipokuwa na mkutano, nilikuwepo. Palipokuwa na mdahalo wa shule, nilikuwa msemaji mkuu. Nilijua kusema "haki ya raia" kwa lugha tatu. Mtihani ulipokuja ukanikuta nimevimba maneno na sina hesabu hata moja kichwani. Nilianguka.

Baba alisoma matokeo yangu akiwa amesimama, kofia bado kichwani. Akasema, "Wandera, mdomo wako umefaulu vizuri sana. Sasa wewe mwenyewe utafaulu lini?"

Nilirudia mtihani mwaka uliofuata, nikapita kwa kujikokota. Somo nililofanya vizuri lilikuwa maarifa ya jumla, kwa sababu niliandika insha ndefu kuhusu ushujaa wa mpiga kura. Usicheke, mwanangu. Au cheka, nina haki ya kuchekwa. Alama zile hazikutosha kuniingiza chuo kikuu. Baba akastaafu, tukatakiwa kuihama nyumba ya serikali, wazee wakarudi kijijini, nami nikaenda Mbale alikoolewa dada yangu. Nikapanga chumba kimoja Namakwekwe na kuanza kutafuta kazi.

Kazi niliipata kwa Hajati Sauda.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa ili isianguke akiinama. Alikuwa na chumba cha kupiga chapa kando ya barabara: mashine mbili za taipu, mashine moja ya kurudufu ya kuzungushwa kwa mkono, na benchi la wateja. Mumewe alikuwa dereva wa jeshi katika miaka ya utawala wa kijeshi na hakurudi kutoka safari moja. Hajati aliwalea watoto wake wanne kwa vidole vyake. Alizungumza Kiswahili cha nyumbani kwao, nyumba ya Waislamu wa mjini, na siku ya kwanza niliposikia sauti yake nilijiona nimerudi Jinja.

"Kaa hapo, andika jina lako," aliniambia.

Nikaandika kwa vidole viwili, nikiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano.

"Baba yako alikuwa nani?"

"Askari magereza, Hajati."

"Ndiyo maana. Umefunga vidole vinane, umeachia viwili tu. Kesho njoo mapema tuvitoe vyote jela."

Alinifundisha kwa miezi mitatu. Alifunika herufi kwa kitambaa ili nisizitazame. Nikikosea hakupiga kelele. Alivuta tu karatasi, akaikunja, akaniwekea nyingine. Kufikia sikukuu ya Idi nilikuwa naweza kuandika barua nzima huku nikimtazama mteja usoni.

Kazi kubwa ya ofisi ile ilikuwa mitihani ya majaribio. Shule za Mbale na vijiji vya jirani zilimletea maswali yaliyoandikwa kwa mkono, sisi tukayapiga kwenye stensili, zile karatasi za nta, tukarudufu, tukafunga bahasha. Walimu wakuu walimwamini kuliko walivyowaamini walimu wao. Hakuna karatasi iliyowahi kutoka kwake kabla ya siku yake. Stensili zilizotumika alizichoma mwenyewe, akasimama hapo mpaka zikawa majivu.

Wakati mmoja nilikosea tarakimu katika swali la hesabu. Niliandika saba mahali pa moja. Karatasi zilikwisha kufungwa, zikapelekwa shuleni, na mwalimu aliyezipokea hakuona kitu. Hajati aliliona kosa jioni ile, alipokuwa anasoma nakala yake kabla ya kuichoma. Nikamwambia, "Hajati, hawajui. Mtoto akishindwa swali moja, haitaharibu kitu." Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ulishindwa mtihani mara ngapi?"

"Mara moja, Hajati."

"Lilikuwa kosa lako. Sasa unataka mtoto wa watu ashindwe kwa kosa lako pia?"

Asubuhi alijifunga mtandio, akaenda kwa miguu mpaka shuleni, akamwambia mwalimu mkuu, "Kosa limetoka ofisini kwangu." Tulisahihisha swali lile kwa mkono kwenye kila karatasi. Hakumwambia mtu yeyote kwamba vidole vilikuwa vyangu. Hata leo nikikuta mtu anayesema ukweli kabla hajaulizwa, namkumbuka yeye.

Sasa nikuambie habari za mwenyekiti.

Mwenyekiti wa mtaa wetu aliitwa Bwana Wamono. Hakuwa mtu katili. Alipenda kucheka, alipenda mazishi na harusi, alijua majina ya watoto wa kila mtu. Lakini alikuwa na muhuri, na muhuri ule alitembea nao mfukoni. Siku zile huwezi kupata kazi, huwezi kumwingiza mtoto shule, huwezi kumtoa ndugu yako kituo cha polisi, bila barua ya utambulisho yenye muhuri wa mwenyekiti. Watu walikuja kwa Hajati kupigiwa barua, wakaenda nayo kwa Bwana Wamono, wakarudi nayo tupu. Mara amesafiri. Mara anakula. Mara muhuri umekauka wino. Wajane ndio waliosumbuka zaidi. Nilimwona mama mmoja akija benchini kwetu wiki tatu mfululizo, barua ile ile imekunjwa mpaka ikaanza kukatika.

Hajati alikuwa akisema, "Mimi naandika karatasi. Yeye ndiye anayezifanya barua."

Uchaguzi ulipotangazwa, akatangaza kugombea. Watu walishangaa, kwa sababu katika baraza kulikuwa na nafasi ya mwakilishi wa wanawake, na wengi walidhani angetaka hiyo. Hapana. Alitaka kiti cha mwenyekiti. Ahadi yake ilikuwa moja tu: muhuri utakaa mezani, ofisini kwake, kila siku ya kazi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na mwenye haja ataukuta.

Mimi ndiye niliyempigia chapa tangazo lake. Nilipolitoa kwenye mashine nilimwambia, kwa sauti ile ile niliyoitumia kwenye midahalo ya Jinja, "Hajati, Jumapili nitakuwa mtu wa kwanza nyuma yako. Wa pili atanikuta mimi."

Alifurahi. Alitabasamu na kusema, "Basi wa kwanza nimeshampata. Bado waliobaki."

Kampeni haikuwa nzuri. Bwana Wamono hakumtukana, lakini aliwachekesha watu. Alikuwa akisimama pale penye maduka na kuuliza, "Jamani, mnajua Hajati anaongea lugha gani nyumbani? Kiswahili! Mnataka kuamshwa kwa filimbi? Mnataka kuambiwa 'Wewe, simama hapo'?" Watu wakacheka, kwa sababu kwa wengi wetu kule Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayekusimamisha barabarani. Hajati aliwajibu kwa Lumasaba safi, lugha ya wenyeji wa Mbale, akawaamkia na kuwaambia, "Mulembe. Bunduki yangu ina herufi ishirini na sita." Wakacheka tena, safari hii kwa upande wake. Lakini mimi, mwanangu, ambaye Kiswahili kilinilea, siku ile nilikuwa nimesimama kwenye umati, na jirani aliponigeukia na kuniuliza, "Na wewe si mnaongea naye hicho hicho?" nikamjibu kwa Lumasaba yangu iliyovunjika kwamba mimi najua maneno mawili matatu tu.

Ulikuwa woga mdogo. Hakuna aliyeuona.

Siku kumi kabla ya uchaguzi, rafiki wa zamani wa baba yangu alinitumia habari kutoka Jinja: kiwanda kimoja kinatafuta makarani wanaojua taipu. Nilitakiwa kupeleka vyeti vyangu vya mtihani na barua ya utambulisho ya mahali ninapoishi. Jinja hatukuwa na nyumba tena. Mahali pekee paliponijua palikuwa Namakwekwe. Nikaenda kwa Bwana Wamono.

Alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti. Akaisoma barua yangu yote, akaisifu. "Imepigwa safi. Ni wewe? Safi kabisa." Kisha akanirudishia. "Barua utapata, kijana. Lakini tupitishe Jumapili kwanza. Jumapili nitajua watu wangu ni nani."

Hakunitisha. Hakutaja jina la Hajati. Aliniacha nirudi nyumbani na maneno hayo, nami nikalala nayo siku kumi. Hizo siku kumi nilikuwa nakaa mita mbili kutoka kwa Hajati kila siku. Nilipewa siku kumi za kusema, na sikusema.

Ndipo Jumapili ile ikafika. Katika chaguzi kubwa watu hupewa karatasi na sanduku, hakuna ajuaye umeandika nini. Kwenye mtaa wetu kura ilikuwa mwili wako. Unasimama, unaonekana, unahesabiwa kwa kuguswa bega. Ila wagombea hawakuruhusiwa kugeuka. Walitazama mbele, mlimani, wakisikia tu miguu ya watu nyuma yao bila kujua ni ya nani, mpaka hesabu iishe.

Hajati alivaa baibui lake jeusi na viatu vya kufunga. Msimamizi alipopiga makofi, watu wakaanza kutembea. Mimi nikaondoka kivulini. Nilikuwa ninamwona mgongo wake. Nyuma yake palikuwa wazi, hakuna mtu bado. Palikuwa pananingoja mimi. Nikatazama upande wa pili nikamwona mke wa Bwana Wamono na ndugu zake wakiwa wamesimama pembeni, macho yao yakipita juu ya watu kama mwalimu anayesoma majina darasani. Nikakata kushoto. Nikaingia kwenye mstari wa Bwana Wamono, katikati, nyuma ya Mama Nambozo muuza nyanya.

Mama Nambozo akageuka. Hakujua kunong'ona. "He! Wewe si mtu wa Hajati?"

"Kila mtu na kura yake, mama," nikasema.

"Ndiyo. Lakini wewe unakula kwake." Akageuka mbele tena.

Aliyekuwa wa kwanza nyuma ya Hajati alikuwa Mzee Musa, fundi viatu, mguu wake mmoja haufanyi kazi. Alifika pale kwa magongo, na kwa jinsi alivyokwenda taratibu, nafasi ile ilikaa wazi muda mrefu sana. Sikuwahi kuona muda mrefu kama ule.

Mstari wa Hajati uliishia kwenye mlango wa kinyozi. Wa Bwana Wamono ulipinda kona ukaenda mpaka barabarani. Msimamizi alipomaliza kuhesabu, wagombea wakaruhusiwa kugeuka. Hajati aligeuka polepole. Akamtazama Mzee Musa. Nilijiinamisha nyuma ya Mama Nambozo, lakini yeye ni mfupi. Hajati alikuwa ameshaniona. Hakubadilika uso. Alipita kwenye mstari wake, akamshukuru kila mtu kwa jina, kisha akaenda kumpa mkono Bwana Wamono.

Jumatatu nilienda kazini kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Nilitegemea kukuta mlango umefungwa au mtu mwingine kwenye kiti changu. Nikamkuta anafunga stensili kwenye mashine.

"Wandera, shule ya kule Nkoma imeleta baiolojia. Mchoro wa moyo ni wako."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Chai ilikuja saa nne kama kawaida, kikombe changu kikiwa na sukari nyingi kama nilivyopenda. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana, unapata nafasi ya kukasirika, na ukikasirika unapumzika kidogo. Hajati hakunipa mapumziko hayo.

Na barua? Nilienda kwa Bwana Wamono Jumanne. Akacheka kwa furaha ya ushindi wake. "Kijana, nyinyi wote mlikuwa nyuma yangu! Mimi sikuwa na macho kisogoni. Nitawakumbuka wote namna gani? Njoo wiki ijayo." Wiki iliyofuata alikuwa kwenye mazishi Bududa. Nilirudi tena, akawa anaoga. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi Jinja ikabaki siku mbili. Mimi niliyewaona wajane wakirudi na barua zao tupu, sasa nilikuwa na barua yangu imekunjwa mpaka inataka kukatika.

Hajati aliiona mezani. "Hiyo ni ya nini?"

Nikamwambia. Ndiyo mara ya kwanza kumwambia. Kiwanda, Jinja, makarani, muhuri, yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachukua mtandio wake. "Twende."

Bwana Wamono alikuwa amekaa nje na wageni. Walipomwona Hajati, wakasogeza viti vyao. Mwanangu, fikiri kidogo. Mwanamke yule alikuwa ameshindwa mbele ya mtaa mzima wiki mbili tu zilizopita, na hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu siku hiyo. Akainama kidogo, akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, hujambo. Nimekuja kukuomba muhuri."

Bwana Wamono alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akaanza kucheka. "Hajati! Huyu? Huyu unayemwombea ndiye aliyekukimbia kiwanjani. Hukumwona?"

"Nilimwona."

"Na bado?"

"Sikumwajiri kupanga mstari, mwenyekiti. Nilimwajiri kupiga taipu. Na taipu anaijua. Kiwanda kikimkosa huyu kitakuwa kimekosa karani."

Wageni walitazama chini. Bwana Wamono aliacha kucheka. Akatia mkono mfukoni, akautoa muhuri, akaupuliza kwa mdomo, akagonga barua yangu juu ya goti lake.

Tuliporudi nilijaribu kusema. Badala ya kuomba radhi, nikaanza kujitetea, ndiyo tabia ya mtu aliyezoea midahalo. "Hajati, siku ile nilikuwa na haja ya hii barua. Mwenyekiti alikuwa ameniambia..."

"Najua. Nilifikiri hivyo."

"Kwa hiyo sikuwa na njia."

Akasimama katikati ya barabara. Boda boda ya baiskeli ikampigia kengele, hakusogea.

"Wandera. Kura ni yako. Ungekuja ukaniambia, 'Hajati, Jumapili nakwenda upande wa pili, nina haja ya barua,' ningekuambia nenda, kijana, katafute maisha yako. Nisingekukasirikia hata kidogo. Lakini wewe uliniambia uko nyuma yangu. Nikasimama pale nikitazama mlima, sina ruhusa ya kugeuka, nikijua mtu mmoja ninaye kwa hakika. Usimfanyie mtu hivyo tena. Ukitaka kumwacha, mwambie wakati bado anaweza kukutazama."

Ndivyo tu. Akaendelea kutembea. Nami, mwanangu, nikamfuata nyuma. Neno "nisamehe" ni jepesi kuliko barua ya mstari mmoja. Sikulisema. Kesho yake nikapanda basi kwenda Jinja na barua yenye muhuri, na kazi nikapewa siku hiyo hiyo, baada ya kuwapigia ukurasa mmoja bila kutazama mashine.

Nilipanga chumba Nalufenya. Kazini nilisifiwa. Mkuu wa ofisi alipenda kwamba nikikosea hesabu ya shehena nilikwenda kumwambia kabla hajagundua. Aliniuliza nilijifunza wapi, nikasema Mbale. Hakuuliza kwa nani. Miaka ikapita. Nilianza barua nyingi kwa Hajati, zote nikazichana, kwa sababu kila nilipoandika, insha ilirudi: sababu, hali, mazingira, nchi ilivyokuwa. Nilijua kuandika kila kitu isipokuwa kwamba nilikosa.

Kisha dada yangu akaniambia mabaraza yanachaguliwa tena, na Hajati anagombea tena dhidi ya Bwana Wamono. Nikaomba ruhusa. Nikaenda Mbale asubuhi na mapema, na kufikia saa za mchana nilikuwa kwenye kiwanja kile kile. Msimamizi alipopiga makofi nilikwenda karibu mbio. Nikawa wa kwanza nyuma yake. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona uzi wa miwani yake. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Msimamizi, kijana wa miaka kama ishirini, akafika akiwa na daftari. "Jina?"

"Wandera."

Akatafuta. "Hayupo. Bwana, wewe unalala wapi?"

"Nalufenya."

"Nalufenya ni ya Mbale hii?"

"Ya Jinja."

"Basi toka."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Wamono, aliyekuwa ametazama mlima kama sheria inavyotaka, alitambua sauti yangu. Akapaza sauti bila kugeuka, "Huyo! Mara ile alikuwa wangu, leo wa Hajati, kesho wa nani?" Wakacheka zaidi. Nikatolewa kwenye mstari kwa kushikwa mkono, mwanamume mzima mwenye tai.

Hajati akauliza, macho mbele, "Ni nani?"

Mama Nambozo, ambaye safari hii alikuwa kwenye mstari wake, akajibu, "Ni yule karani wako. Amekuja kutoka Jinja, wamemfukuza."

Nikaona mabega ya Hajati yakitikisika. Alikuwa anacheka. "Mwambieni akae pembeni. Tutaonana tukishahesabiwa."

Alishinda. Mstari wake ulipita mlango wa kinyozi, ukapita kinu, ukaenda mpaka mahali ambapo mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na watu wakanisukuma nisogee wapate nafasi. Alishinda bila mimi. Alipogeuka na kuona, hakupiga kigelegele. Alikwenda kwanza kumpa mkono Bwana Wamono, kama alivyofanya aliposhindwa, kisha akaja kwangu.

"Hajati," nikasema, "nilikosa. Nisamehe." Maneno mawili tu. Yalinichukua miaka.

"Umefunga safari yote hii kuja kufukuzwa?" Akacheka tena mpaka akashika ubavu. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Vidole bado viko nje ya jela?"

"Viko, Hajati."

"Basi twende. Karani wangu ameshakimbilia kushangilia, na kuna kemia ya watoto inatakiwa kesho asubuhi."

Tukaenda. Nje watu walikuwa wanaimba jina lake, ndani sisi wawili tukafanya kazi mpaka bahasha ya mwisho. Nilipiga kemia. Yeye alisoma kila tarakimu kwa sauti, mara mbili.

Mwanangu, mimi sasa ni mzee, na wewe ndiyo kwanza unaingia maishani. Utafanya mitihani. Ukianguka, sema nimeanguka, kisha soma, usitafute wa kumlaumu. Utapata kazi. Heshimu anayekufundisha hata kama ofisi yake ni chumba kimoja, na ukikosea, nenda ukaseme kabla hujaulizwa. Utaingia kwenye siasa, upende usipende, maana siasa ni ile barua unayoihitaji na mtu anayeshika muhuri. Sikuambii umchague nani. Hajati mwenyewe hakuniambia. Ninachokuambia ni kwamba usimwahidi mtu usichokusudia kumpa, na ukibadilika, mwambie usoni. Mimi nilikuwa na siku kumi za kufanya hivyo nikazitumia kunywa chai yake. Na ukishamkosea mtu, usingoje miaka ukitafuta maneno mazuri. Mabaya yanatosha, mradi yafike mapema. Mimi niliwahi kwa bahati tu. Wengi hawawahi.

Mungu akujalie ujasiri mdogo mdogo wa kila siku, maana huo mkubwa wa kwenye insha sijawahi kuuona ukimsaidia mtu. Akukutanishe na watu wa namna ya Hajati Sauda, na akupe akili ya kuwatambua ungali unakaa nao chumba kimoja. Nenda salama, mwanangu, na kazi ya mikono yako ikubaliwe.